Kamba ya Arobaini na Moja

Faksi iliingia Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne karakana nzima ilikuwa imeshajua kwamba kuna kamba moja imekosewa, ila hakuna aliyejua ni ipi. Kwenye meli ya mfano yenye kamba mia mbili na kumi na nne, hilo si jambo dogo. Mafundi wa mbao waliendelea kupiga msasa kimyakimya, wakimshukuru Mungu kwamba wao ni wa mbao. Kosa la kamba ni la meza ya kamba, na meza ya kamba ni wanawake sita, na mkuu wao alikuwa Vivette Perrine.

Vivette alikuwa ameinama, kibano mkononi, akipitisha uzi katika kapi, gurudumu la kupitishia kamba, dogo kama punje ya mtama. Nje mvua ya Curepipe, mji wa mawingu wa katikati ya kisiwa, ilikuwa inanyesha kama ilivyonyesha jana na juzi. Kwenye sufuria kubwa kando ya dirisha matanga yalilowekwa katika chai ya rangi yenye vanila, ili yatoke na uzee wa miaka mia mbili kwa mchana mmoja.

"Dada Vivette," akasema Premila, aliyekaa kulia kwake, "Bosi anakuita. Na uso umemkunjamana kama tanga lisilopigwa pasi."

"Ni ile faksi?"

"Mimi najua nini? Mimi nafunga mafundo tu."

Premila alijua vizuri sana. Anayekaa kulia kwa mkuu wa meza ndiye anayefuata kuwa mkuu, na tangu asubuhi alikuwa akikitazama kiti cha Vivette kama mtu anayekadiria kitambaa dukani.

Bwana Dev Luchoomun alirithi karakana kwa baba yake, lakini mikono ya baba yake hakuirithi. Hakuwahi kuunda hata mtumbwi. Alikuwa na kalamu nne mfukoni na picha kubwa ya marehemu baba yake ukutani, juu ya kiti chake, mzee amesimama kando ya meli ya kwanza aliyoiuza. Hakumwambia Vivette aketi.

Faksi ilitoka jumba la makumbusho la bandari moja Ufaransa. Hao ndio walionunua Diligente, mfano wa ile merikebu iliyoleta kisiwani unga, matofali na watu, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo. Kwa hao Wafaransa karakana iliiunda kwa miezi minane, urefu mita moja na nusu, hadi misumari ya milango ilihesabika. Barua ilisifu mbao, ikasifu rangi, ikasifu mizinga. Halafu ikasema: kuna kamba moja wataalamu wetu hawaielewi. Inatoka kwenye ncha ya foromali kubwa, ile boriti ya kulala inayobeba tanga, inashuka wima hadi ukingo wa meli na kufungwa hapo, kulia na kushoto, bila kapi. Tunaomba mtueleze imetoka katika hati gani. Isipokuwa na hati, meli tutairudisha, na zile nne tulizoagiza tutazifuta.

"Hiyo ni arobaini na moja," Vivette akasema.

"Sikukuuliza namba yake. Nakuuliza imetoka wapi."

"Kwenye mchoro, Bosi."

Bwana Luchoomun alikuwa amejitayarisha. Akaikunjua fotokopi ya mchoro, ile waliyoifanyia kazi miaka yote, iliyochakaa kwenye mikunjo. Mstari ulikuwapo, mweusi tii, na fundo dogo mwishoni.

"Unauona? Na mimi nauona. Sasa sikiliza. Mchoro wenyewe ni wao ndio waliompa baba yangu, mwaka sabini na nne. Wamekwenda kabatini kwao wakautoa wa kwao. Mstari huu haumo. Kwa hiyo kuna mtu wa hapa kwetu aliyeuchora kwa mkono wake."

"Si mimi."

"Mkuu wa meza ni nani?"

Akamsogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. *Mimi, Vivette Perrine, nakiri kwamba kwa uzembe wangu mwenyewe...* Vivette hakusoma hadi mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye meza ile, na kumbe muda wa kuiandika karatasi ile ulipatikana kati ya saa mbili na saa nne.

"Ijumaa adhuhuri," Bosi akasema, sasa akitazama kalamu zake. "Unipe jibu nitakalowapelekea, au uweke sahihi uende zako. Si mimi, Vivette. Ni biashara."

Biashara ni neno zuri. Halina uso wa kutazamwa.

* * *

Nyumbani kwa akina Perrine mshahara ulikuwa mmoja. Josian, mumewe, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa fundi wa sufuria. Jioni ile alikuwa amepika wali, dengu, na samaki wa chumvi katika mchuzi wa nyanya. Mama yake, aliyeitwa na wote Man Eudoxie, yaani Mama Eudoxie, alikuwa mezani akichambua dengu za kesho kwa ncha za vidole. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, lakini jiwe halikumponyoka hata moja.

Kisiwani kote hakuna aliyefunga kamba za meli ndogo kabla ya Man Eudoxie. Ndiye aliyezipa kamba namba, ndiye aliyemfundisha Vivette kabla hajawa mkwe wake, na alipostaafu miaka saba nyuma mzee Luchoomun alimzawadia mchoro asilia wa Diligente, uleule uliotoka Ufaransa. Mchoro huo ulikaa nyuma ya kabati, ndani ya foronya, pamoja na tawi la Jumapili ya Mitende. Hakuna aliyeugusa.

Vivette akaeleza yote. Alipotaja arobaini na moja, vidole vya mama mkwe vikasimama juu ya dengu.

"Kamba zangu hazina kosa," bibi akasema.

"Hakuna aliyesema ni zako, Mama."

"Za nani basi? Za Papa wa Roma?"

Josian alisogeza sahani yake. Akainuka, akachukua kopo tupu la samaki, akalisimamishia kijiti cha mishikaki katikati kwa kipande cha kiazi. Kijiti cha pili akakilaza juu, kikining'inia kwa uzi. Kisha akafunga nyuzi mbili kutoka ncha za kijiti hadi kingo za kopo, akazikaza.

"Geuza hiyo boriti," akamwambia mkewe.

Vivette akaisukuma kwa kidole. Haikusogea. Akaisukuma zaidi, kopo zima likazunguka.

"Unaona? Hakuna kapi, hakuna mahali pa kulegeza. Merikebu hii ina upepo mmoja tu duniani, wa mgongoni. Ukija wa ubavuni, nahodha aanze kusali."

"Wewe kazi yako ilikuwa kutia mafuta mashine za miwa," mama yake akamkatiza. "Meli unazijulia wapi?"

"Meli sizijui, Mama. Najua kilichofungwa na kinachozunguka."

"Ndiyo maana kiwanda kikakufungia mlango."

Ilikuwa kauli mbaya, na yeye mwenyewe alijua. Josian akakusanya sahani, zikiwamo zile zenye chakula bado, akaenda kuziosha.

Vivette alibaki akilitazama kopo. Aliogopa, mtu anayelisha watatu haachi kuogopa. Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine kikimwasha kama upupu, na alikionea haya kwa sababu haukuwa wakati wake: alitaka kujua. Kila kamba ndani ya meli ina kazi. Hii inapandisha, hii inashusha, hii inavuta tanga, hii inazuia mlingoti usianguke. Arobaini na moja inafanya nini?

Alikuwa ameshaiuliza. Wiki yake ya kwanza kazini, msichana wa miaka ishirini na moja, aliinua kichwa akamwuliza Man Eudoxie, "Na hii inafanya nini?" Mwanamke yule akampiga kibano kwenye vifundo vya vidole, hasa, hadi damu ikatoka. "Inafanya unachoambiwa." Wenzake walicheka. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakufanya kazi meza moja na Man Eudoxie. Hakuuliza tena. Na yeye alipokuwa mkuu wa meza, wasichana wapya walipouliza, aliwajibu maneno yaleyale, ila kibano hakukitumia.

* * *

Jumatano Bosi alikwenda benki. Vivette akaacha chakula chake, akachukua kioo cha kukuzia, akaingia ofisini na kupanda juu ya kiti cha mwajiri wake kwa soksi.

Wazo lilimjia akiwa anafunga fundo. Ikiwa kamba ilizaliwa hapa kisiwani, basi ina siku ya kuzaliwa. Na meli ya kwanza ipo pichani, kando ya mzee Luchoomun mwenye nywele nyeusi bado. Akaweka kioo juu ya picha. Mlingoti mkubwa. Foromali kubwa. Ncha ya kulia, ncha ya kushoto. Akashuka na kioo polepole hadi ukingoni, akapanda nacho tena, akashuka tena.

Haikuwapo.

"Unatafuta nini juu ya kichwa cha baba yangu?"

Bwana Luchoomun alikuwa mlangoni na mwavuli unaochuruzika. Nyuma yake Premila alikuwa amenyoosha shingo.

"Kamba, Bosi."

"Kwa miguu yako kwenye kiti changu?"

"Nimevua viatu."

"Naona. Na soksi moja ina tundu."

Kicheko kikatoka huko nyuma, na mwenye kicheko hicho Vivette alimfahamu. Alishuka, akakifuta kiti kwa kiganja, uso ukimwaka. Lakini aliporudi mezani alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa. Meli ya kwanza haina arobaini na moja. Meli zote alizoziona yeye zinayo. Basi kamba ilizaliwa baina ya meli ya kwanza na ya pili, na mwaka ule meza ya kamba ilikuwa na mtu mmoja tu.

Jioni alisimama mbele ya mama mkwe wake kama mtu anayekwenda kuomba mkopo.

"Mama, naomba niutazame mchoro wako."

"Unatafuta kosa langu."

"Natafuta mstari."

"Ni kitu kilekile." Bibi alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, kabati likiwa nyuma yake kama askari. "Nimekufundisha kushika kibano, Vivette. Ulikuja hujui fundo la kiatu. Leo unataka kunivua nguo mbele ya Dev Luchoomun, ambaye mimi nimempangusa kamasi?"

"Nitafukuzwa Ijumaa, Mama."

"Na mimi je? Mimi nimebaki na nini kingine?"

Vivette akalitazama kabati. Angeweza kulivuta, bibi hakuwa na nguvu za kumzuia. Akaenda kukunja nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

* * *

Alhamisi aliporudi kutoka kazini, foronya ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Josian alikuwa amesimama karibu na jiko na mwiko mkononi.

"Funga mlango, unyevu usiingie," akasema Man Eudoxie. "Kaa. Utoe huo mchoro, halafu uniambie unachokiona. Usinionee huruma, maana nitajua."

Karatasi ilikuwa nene, imekuwa ya manjano, na pembeni ina matundu ya misumari midogo. Vivette aliikunjua kwa mikono miwili. Kwa muda hakutazama kamba yoyote. Alitazama tu jinsi merikebu ilivyochorwa vizuri, na mkono gani uliokuwa na subira kiasi kile.

"Mistari yote ni ya wino wa buluu, Mama. Buluu iliyofifia."

"Arobaini na moja?"

Vivette akasogeza uso. Ulikuwapo, kutoka ncha ya foromali hadi ukingoni, mwembamba, umenyooka sawasawa. Mwisho wake kulikuwa na kidoa cha mviringo, mahali pa fundo. Alikuwa amekwisha kuelewa, na hapohapo akatamani asingeelewa.

"Unao," akasema.

"Nimekuuliza rangi."

Josian akaweka mwiko chini.

"Kahawia, Mama."

Bibi akanyoosha mkono. Vivette akaushika na kuuweka juu ya ncha ya foromali, na kidole kile kilichofunga kamba zaidi ya mtu yeyote kisiwani kikaanza kushuka polepole. Wino hauna mwinuko, hauguswi. Lakini hapa karatasi ilikuwa imelowa zamani ikakauka na mkunjo mwembamba kama ukucha, na kidole kikaufuata mkunjo hadi kwenye kidoa, kikasimama.

"Chai," akasema Man Eudoxie.

Josian aliinua macho. Juu yao, kutoka ukuta hadi ukuta, waya wa kuanikia ulikuwa bado umefungwa, ule ambao leo ulibeba soksi za Josian.

"Karakana ilikuwa inavuja mwaka ule," bibi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma. "Matanga ya meli ya kwanza niliyaleta hapa, nikayaanika juu ya waya huo yakiwa na chai yake. Mchoro niliupigilia ukutani, hapo chini yake, maana meza ilikuwa ya chakula na Josian alikuwa mtoto mtundu, anashika kila kitu. Tone moja. Limeteremka na karatasi." Akameza mate. "Kisha mzee akauchukua kwenda kuutolea fotokopi. Iliporudi nakala, kila kitu ni cheusi. Wino mweusi, chai nyeusi."

"Basi ni mashine, Mama," Josian akasema haraka. "Ni ile mashine ya fotokopi!"

"Nyamaza, mwanangu. Sijamaliza." Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kidoa. "Nilipofungua ile nakala nikaona kamba nisiyoikumbuka. Nikajua meli ya kwanza nimeikosea, nimeisahau kamba, na meli imeshauzwa, mzee amepigwa picha nayo. Nikaogopa. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi pale, wanaume walikuwa wananingojea nijikwae. Ya pili nikaiweka, na kwa kuwa mchoro ni wa ubavu mmoja, nikaiweka kulia na kushoto. Ya tatu nikaiweka. Sikumwuliza mtu. Ningeuliza, mzee angesema, kumbe ya kwanza hukuiweka?"

Kwa hiyo meli pekee iliyotoka sahihi ndiyo aliyoionea aibu miaka ishirini na tisa. Vivette alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua aanze na kipi akamshika mama mkwe wake bega.

"Kesho nitamwambia Bosi kwamba fotokopi iliharibika," akasema. "Si uongo."

"Ni nusu. Nusu hiyo nimekaa nayo vya kutosha." Bibi akauondoa mkono kwenye karatasi. "Josian, kofia yangu ya kanisani iko wapi? Na wewe... juzi nilikutolea neno baya."

"Lipi, Mama? Yamekuwa mengi."

"Mjinga wewe," akasema mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu jikoni pakapata hewa.

* * *

Ijumaa, saa tano na nusu, Man Eudoxie aliingia karakanani na kofia ya kanisani, mkono mmoja kwa mwanawe na mwingine kwa mkwewe. Wanawake wa meza ya kamba walisimama. Hata Premila alisimama.

Bwana Luchoomun alitoka ofisini mwenyewe, akambusu mashavu yote mawili, akamvutia kiti.

"Man Eudoxie! Hujabadilika."

"Wewe sijui, sikuoni. Niletee hiyo karatasi uliyomwandikia mkwe wangu, unisomee."

Akaisoma mbele ya watu, maana hakuona njia ya kukwepa. Alipofika kwenye neno uzembe, sauti yake ikapungua.

"Futa Vivette, andika Eudoxie. Nitaweka sahihi. Mimi utanifukuza wapi, Dev? Macho yalishanifukuza kabla yako."

Kisha akaeleza, moja kwa moja, pamoja na ile meli ya pili na ile hofu yake. Josian alikunjua mchoro. Bwana Luchoomun akaulaza kando ya fotokopi, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Alikuwa amesikia, lakini biashara ilikuwa bado inamzunguka kichwani.

"Sikatai," akasema chini chini. "Lakini siwezi kuwaandikia Wafaransa kwamba ni chai. Watatucheka. Tuseme panya. Panya alikojolea mchoro."

"Panya gani wa Curepipe anakojoa chai ya vanila?" bibi akauliza.

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, na safari hii hakikuwa juu ya soksi ya mtu.

"Wamekuuliza kamba imetoka wapi," Vivette akasema. Hakujua kwamba angesema, alijisikia akisema. "Hawakuuliza nani wa kumfukuza, Bosi. Wameuliza imetoka wapi, na sasa tunajua. Kama ningekuwa mimi huko kwao, ningependa sana kujua."

Bwana Luchoomun aliisogeza miwani juu ya pua. Akatoa kalamu moja kati ya zile nne, akaigeuza karatasi ya kukiri makosa upande wa nyuma, ambao ulikuwa mtupu, akaanza kuandika barua.

Juu ya meza kulikuwa na Diligente nyingine, ya hoteli moja ya pwani, imebakiza siku mbili tu kukamilika. Man Eudoxie akanyoosha mkono.

"Mkasi."

Vivette akampa. Vidole vya bibi vikapanda mlingoti, vikapita kamba baada ya kamba bila kutikisa hata moja, midomo ikihesabu, vikafika kwenye ncha. Akakata kulia. Akakata kushoto. Kisha akaweka kidole kimoja kwenye foromali kubwa, akaisukuma kidogo, na boriti na tanga lake la chai vikageuka kwa pamoja, taratibu, hadi upande wa pili.

"Kumbe!" akasema.

Akairudisha. Akaigeuza tena. Wakaja wote, mmoja mmoja, na mafundi wa mbao pia, kila mtu akitaka kuisukuma kwa kidole chake. Premila akaigeuza mara tatu.

"Tumeunda ngapi za aina hii?" bibi akauliza.

Vivette alikuwa ameshaangalia daftari. "Mia nne na sita. Toa ya kwanza, toa na hii."

"Mia nne na nne. Ziko wapi?"

"Kwa madaktari. Mabenki. Ujerumani, Japani, kila mahali."

"Na zote zimefungwa," akasema Man Eudoxie, akakaa.

* * *

Majibu yalikuja Jumatano. Diligente haitarudishwa; kamba wataikata wenyewe, na zile nne zinangojewa. Walishukuru kwa barua iliyofurahisha ofisi nzima, na mwishoni waliuliza, ikiwa si usumbufu, ni chai ya aina gani. Bwana Luchoomun hakuomba radhi. Alimsomea Vivette faksi yote, akasema meli ya hoteli imechelewa, na kwamba akihitaji kuangalia ile picha tena, amwambie, kuna ngazi stoo. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Alasiri msichana mpya kwenye meza aliinua kichwa, kamba ya sabini na nane kwenye kibano chake, akauliza inafanya nini. Vivette alikuwa hajui. Akamwambia hajui, na wakaacha kazi nusu saa, wote sita, kuifuata kwa kioo hadi walipojua.

Nyumbani alimkuta mama mkwe palepale mezani, na dengu zake. Alimsomea habari yote, na bibi akasikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo kwa lile swali la chai. Kisha akazisukuma dengu pembeni.

"Ulikuwa na wiki moja kazini," akasema. "Ukaniuliza hii inafanya nini. Nikakupiga."

"Ulinipiga, Mama."

"Nilikupiga kwa sababu sikujua. Katika miaka yote ile ni wewe peke yako uliyeniuliza, na nikakupiga." Akaulaza mkono wa kulia juu ya meza, vidole amevitandaza, vifundo juu. "Kibano unacho mfukoni, najua. Lipa."

"Mama, acha mambo hayo."

"Lipa, nimesema."

Josian aligeuka kutoka kwenye jiko. Vivette akatoa kibano mfukoni mwa aproni, akauinamia mkono ule mkavu wenye makovu ya nyuzi, akagusa kifundo kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Hivyo ndivyo nilivyokupiga mimi?" Man Eudoxie akafoka. "Nilikutoa damu! Rudia, na upige hasa."

Akarudia. Akampiga hasa.

"Haya," bibi akasema, akipuliza vidole vyake, machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja. "Sasa niulize tena."

Vivette akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama," akauliza, "kamba hii inafanya nini?"

"Sijui, mwanangu," akasema Man Eudoxie.